Nusu Iliyosambazwa

3 Machi

Mpendwa Fundi,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza na salamu nyingi, kisha ndipo mtu ataje shida yake. Salamu zote unazo, za kwangu na za Baba. Shida nitaifikia, nipe nafasi kidogo. Nimeandika barua za watu wengine maisha yangu yote, lakini hii ya kwangu mwenyewe inanitoa jasho.

Anwani yako niliipata kwenye kifurushi ulichonitumia mwaka jana, ile bibu ya Baba ya kitambaa cha bluu, yenye mfuko wa kudakia chakula. Bado anaivaa. Nimeifua mpaka rangi imekimbia, ila mshono wako haujaachia hata uzi mmoja. Mimi ndiye Mama Fotokopi wa kule kwenye kundi letu la simu, mwenye duka la kupiga chapa na kutoa nakala. Hata mtaani kwangu hakuna anayekumbuka jina langu lingine.

Jana Jumatatu niliona umetoka kundini. Hukuaga. Nimekupigia, simu imezimwa. Wenzetu wanasema yale uliyotuandikia sisi thelathini na wawili tunaowauguza wazazi yametoka nje, yako kwenye kurasa za wazi, na watu wasiokujua wanayaporomoshea matusi. Kundi letu lina sharti moja tu, nawe ndiye uliyelileta: la humu libaki humu, na ukitaka kulitoa, muulize mwenyewe. Sasa sharti limevunjwa juu ya mgongo wako wewe uliyelitunga. Sina neno la kukupoza, nimeumia tu.

Bahasha hii naipa basi la asubuhi, itafika stendi yenu kesho. Nijibu hata mistari miwili. Mama anaendeleaje?

Wako,
Mama Fotokopi


7 Machi

Dada yangu Mama Fotokopi,

Asante kwa kunikumbuka. Simu nimeizima na kuitumbukiza kwenye kopo la vifungo. Karatasi ni afadhali, hakuna wa kuibonyeza ikaenda kwa watu elfu kabla chai haijapoa.

Umeniuliza habari za Mama, basi nikueleze zote. Kaka yangu mkubwa ni mtunza stoo wa kampuni ya ujenzi, safari ya siku nzima kutoka hapa. Wiki iliyopita, saa ya chakula, mwenzake alitoa simu akasema, "Jamani, sikieni mtoto wa laana huyu," akaanza kusoma kwa sauti. Meza nzima ikaguna. Walipofika kwenye kijiko, Kaka akaacha kula.

Unakumbuka niliandika kwamba Mama hushika kijiko sikioni na kusema, "Subiri, nakuunganisha." Alikuwa opereta wa simu miaka ishirini na sita, zile simu za kuunganishwa kwa waya na plagi. Akili imemtoka lakini kazi haijamtoka. Huyo aliyeyachukua maneno yangu aliondoa jina. Sawa. Lakini jina la nini, wakati kuna mama mmoja tu wa aina hiyo chini ya jua hili na Kaka alitoka tumboni mwake?

Hakunipigia. Aliyabandika kwenye kundi la ukoo, kwa mashangazi, wajomba na watoto wao, akaandika juu yake: "Huyu ndiye tuliyemwachia mama yetu." Kisha akaniletea mimi ujumbe mmoja, kwamba Jumamosi tarehe 28 anakuja na gari kumchukua.

Mkewe anashinda kazini. Watamwajiri mtu. Dada, Mama haijui nyumba ile. Hapa kwangu nimepigilia ukanda wa kitambaa ukutani, kutoka kitandani mwake mpaka chooni, na kila hatua nimeshona kifungo kikubwa. Anapapasa kifungo, anakwenda, anapapasa kingine, anakwenda. Imemchukua miezi mitano kuizoea njia hiyo. Mwaka juzi tulipomhamisha chumba tu, hapohapo ndani ya nyumba, alikaa siku tatu bila kula akituuliza atarudishwa lini kwao. Wakimpeleka kule atakufa akiwa anatafuta mlango.

Na walichosoma ni nusu. Yule mtu alinikata pale ninaposimama nje na ufunguo mkononi, akaitupa sehemu iliyobaki. Nilimwambia Kaka kuna mwisho. Akanijibu, "Sasa umeshikwa ndiyo unaongeza mkia." Nami siku ile matusi yalipoanza nilichanganyikiwa nikafuta kila kitu, kule kundini na kwenye simu yangu. Sina hata ushahidi wa maneno yangu mwenyewe.

Wewe ni msaidizi wa msimamizi wa kundi, unaona mengi. Nitafutie mawili. Nani aliyeyatoa, na nani anayo yote. La pili ndilo la haraka.

Fundi


11 Machi

Mpendwa Fundi,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, wateja watatu wakinisubiri, na mmoja wao akaniuliza kama nimefiwa.

Nianze na jema. Maneno kamili yapo. Kuna mtu anayo yote, mwanzo hadi mwisho, na tarehe yake. Nipe siku chache nitakuletea habari kamili. Usinibane sasa.

Kuhusu aliyeyatoa, natafuta. Ila nilikuwa nawaza, huenda hakuwa na nia mbaya. Hapa dukani mtu akija hajui barua ya kuomba kazi inaandikwaje, huwa namwonyesha ya mtu mwingine. Naweka kipande cha karatasi nyeupe juu ya jina, natoa nakala, nampa. Mwenye barua hapungukiwi kitu na mwenye shida ameondoka na mfano. Miaka kumi na tisa nafanya hivyo na hakuna aliyewahi kunilalamikia. Labda na mtu huyo aliona akishalifunika jina amekusitiri. Labda yalimgusa sana akataka na wengine wenye mizigo kama yetu wayasome.

Nina wazo. Niruhusu niyabandike yote palepale yalipobandikwa nusu, kwenye kurasa za wazi. Watu wataona mwisho, wataona haya, na kaka yako ataona. Ukisema ndiyo, ni kazi ya dakika tano. Angalia, safari hii nakuuliza kwanza.

Baba anakusalimu. Leo ameniita kwa jina langu, mara moja, nami sikuwa makini nikaitika tu kama kawaida.

Mama Fotokopi


14 Machi

Dada,

Hapana. Usibandike kitu.

Najua unanitakia mema. Lakini waliokula nusu ya kwanza wakanitukana, leo nikawapakulie nusu ya pili wanisifu? Kesho wangeniomba na picha ya Mama. Sikuwaandikia wao. Niliwaandikia watu thelathini na wawili ambao wamewahi kufua shuka moja mara tatu kwa siku. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Nikueleze jambo la Mama. Nikiwa binti mdogo, jirani yetu alikuwa akija kusukwa nywele kwetu kila Jumamosi. Mama alijua mume wa yule jirani ana mipango ya kumkimbia, alikuwa ameisikia kazini kwenye laini. Alimsuka, akacheka naye, akamsindikiza mpaka barabarani. Mwezi mmoja baadaye mume akaondoka kweli, nami nikamkasirikia Mama. Nikamwambia, ulijua na ukanyamaza. Akanijibu kwamba opereta ana masikio ya kazini na masikio ya nyumbani, na ya kazini huyaacha mlangoni pamoja na viatu vya kazi. Akasema pia, ikibidi uingie kwenye laini ya watu, unabisha kwanza: "Opereta hapa, naomba ruhusa kuingia." Wakikataa, unatoka, hata kama wanaongea habari zako.

Sijui kama alifanya vizuri kwa yule jirani. Mpaka leo nabishana naye kichwani. Lakini amenilea hivyo.

Halafu kuna kitu kinanisumbua. Katika barua yako, mtu aliyeniumiza umemfanyia utetezi ukurasa mzima. Unamjua?

Zimebaki wiki mbili. Mama jana amekifikia kifungo cha mwisho peke yake akanipigia makofi, akidhani mimi ndiye niliyetembea.

Fundi


18 Machi

Fundi,

Ni mimi.

Nimechana karatasi nne kabla ya hii, na kila moja ilikuwa na maelezo mazuri kabla ya hayo maneno mawili. Sasa yametangulia.

Nilikuwa nimeyachapa maneno yako siku ileile ulipoyaandika, nikayabandika ukutani juu ya mashine, upande ambao wateja hawaoni. Nilikuwa nayasoma nikichoka. Jioni moja nikafungua ukurasa wa wazi wa mtaa wetu, nikaandika nusu ya kwanza, bila jina lako. Nilijiambia nimekufunika, kama ninavyofunika barua za watu. Sikuwaza kwamba Mama yako na kijiko chake ni jina tosha. Watu wakaanza kuchukua, huyu akampa yule. Nilipoona matusi nikafuta posti yangu, lakini maji yakimwagika hayazoleki, kila aliyeyabeba alikuwa na yake.

Ungeniuliza kwa nini nilikata. Ningeweza kukuambia kwamba ukurasa ule hautaki maneno marefu, nawe ungeniamini. Si hivyo.

Wewe ulisimama nje na ufunguo, ukaingia tena. Mimi nilifunga. Mwezi wa kumi na moja, Jumapili, nilimfungia Baba, nikaenda kukaa kwa rafiki yangu toka asubuhi mpaka jua linazama. Nilikula, nikacheka, nikalala kwenye kochi lake. Niliporudi nilimkuta Baba amekaa sakafuni nyuma ya mlango, amevaa viatu. Ananisubiri tutoke. Viatu alikuwa amevivaa mwenyewe, miguu imebadilishana. Sijui alikaa hapo tangu saa ngapi.

Hilo sijalisema kundini wala popote. Nusu yako ya kwanza ilikuwa yangu kabisa, neno kwa neno. Nusu ya pili ilikuwa yako, na ilikuwa inanishitaki kila nikiitazama. Kwa hiyo nikachukua ile iliyonifaa. Watu waliponiuliza, "Ni wewe?" sikukataa wala sikukubali. Nilitaka kwa siku moja mtu anione. Nao waliniona, wakanitukana, na matusi yote yakaishia kwako.

Karatasi bado iko ukutani, kamili, na tarehe. Niambie nifanye nini nayo. Niibandue? Niichome? Nitafuata neno lako, lolote.

Mama Fotokopi


21 Machi

Mama Fotokopi,

Sikutaka kukujibu. Nilikaa siku mbili nashona sare za shule na sikumbuki hata pindo moja.

Nilijua. Toka ile barua ya pili nilijua, ila nilitaka nisiwe nimejua, maana ni wewe peke yako uliyenitafuta. Nilikuita dada. Nilikuomba unitafutie mwizi nawe ukaniambia unatafuta.

Nguo ya kuazima haistiri maungo. Ulivaa maneno yangu, na ulipovuliwa mbele za watu nilibaki uchi mimi na mama yangu. Kama ungeandika ya kwako, ya Baba yako na viatu vyake, nani angekutukana kundini? Mimi ningemshonea viatu vya kitambaa. Ungeniuliza, ningekupa na nusu na nzima. Hukuniuliza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko matusi.

Sasa fanya hivi. Usibandike popote. Usichape. Mashine yako isiguse tena maneno yangu. Kaa chini uyanakili kwa mkono wako, yote, kisha umtumie Kaka, anwani iko nyuma ya karatasi hii. Weka na ile iliyochapwa yenye tarehe, aone kwamba siongezi mkia. Mwambie wewe ni nani na ulifanya nini. Nataka afike hapa Jumamosi akiwa ameusoma mwisho. Akishausoma akaamua kumchukua Mama hata hivyo, basi, nitamfungashia nguo zake na kuung'oa ukanda wa vifungo niwape waupigilie kwao.

 Nina hasira nawe sana.

Fundi


23 Machi

Kaka Mtunza Stoo,

Hunijui. Mimi ni mwanamke mwenye duka la kutoa nakala, nami ndiye niliyeyatoa maneno ya mdogo wako kwenye kundi la siri na kuyaweka hadharani, nusu, bila kumwomba ruhusa. Yale mliyosomewa mezani yalianzia kwangu. Yeye hakuyapeleka huko, na yasingefika huko kama si mimi. Hakuna aliyenilazimisha kukuandikia kwa maneno haya, ila yeye ndiye aliyeniagiza nikutumie. Haya ni yote aliyoandika, nimeyanakili kwa mkono, na karatasi iliyochapwa siku yenyewe nimeiambatanisha. Tarehe iko juu, mwezi wa kwanza, kabla hujajua lolote.

"Kuna asubuhi nikimsikia Mama anakohoa chumbani naumia kwamba ameamka. Nimeshasema. Jana aliniita mara arobaini kabla ya saa nne, na hata mara moja halikuwa jina langu. Ameshika kijiko sikioni, anasema, 'Subiri, nakuunganisha.' Nimembadilisha nguo mara tatu. Mara ya tatu nilichukua ufunguo nikatoka. Nikasimama nje ya mlango, ufunguo mkononi, nikawaza: nikifunga, nikaenda zangu, nisirudi mpaka kesho, nani duniani ana haki ya kunilaumu?

"Nilisimama muda wa kushona mfuko mmoja wa shati. Ndani nikamsikia anasema, 'Haloo. Laini ya binti yangu haipatikani. Tunajaribu tena.' Akanyamaza. Halafu tena, 'Tunajaribu tena.' Nikarudi ndani. Nikakaa sakafuni mbele yake, nikachukua kijiko kingine, nikakiweka sikioni, nikasema, 'Haloo.' Akafurahi! Akaniuliza napiga kutoka wapi. Nikamwambia, hapa karibu. Akasema laini ni safi sana leo. Tukaongea mpaka saa sita. Labda iko siku nitafunga huo mlango, simjui mimi wa kesho. Lakini jana nilipokea simu."

Mwisho ni hapo. Pale aliposimama nje akauliza nani ana haki ya kumlaumu ndipo nilipokatia mimi, kwa sababu zangu ambazo yeye anazijua.

Sikuombei unisamehe. Nakuomba tu kabla ya Jumamosi uusome mwisho mara nyingi kama ulivyousoma mwanzo.

Mama Fotokopi


26 Machi

Kwa mwenye duka la nakala,

Nimepokea karatasi tatu: barua moja, nakala ya mkono moja, iliyochapwa moja. Zote zimefika zikiwa salama.

Jambo ulilofanya ni baya. Umenivunjia nyumba.

Halafu nimekaa na huo mstari wako wa kwanza, kwamba ulitoa bila kumwomba ruhusa. Na mimi niliyabandika kwenye kundi la ukoo. Shangazi yetu mkubwa aliyachukua pale akayapeleka kwa wenzake wa maombi. Sikumpigia simu mdogo wangu hata mara moja kabla. Kazini kwangu mzigo hautoki stoo bila sahihi ya mwenyewe, hata misumari nusu kilo. Nimefukuza mtu kwa hilo.

Tangu Mama aanze kuumwa nimekwenda kumwona mara tatu. Sikuwa najua habari ya kijiko cha pili.

Gari nimeshalikodi. Ninasafiri kesho.

Mtunza stoo


2 Aprili

Mama Fotokopi,

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nyumba imekuwa na mgeni na sare za shule zimenisubiri. Naandika Mama akiwa amelala mchana.

Kaka alifika Jumamosi kabla ya adhuhuri. Nilikuwa nimefunga nguo za Mama kwenye sanduku, nimeziweka sebuleni, maana sikutaka anikute nalia huku nafungasha. Akaliona sanduku.  Hatukusalimiana vizuri, aliniuliza tu Mama yuko wapi nami nikamwonyesha kwa kidevu.

Mama hakumtambua. Alimwita "bwana mkubwa" na kumkaribisha kiti. Nikaenda jikoni kuchemsha maji, si kwa ajili ya chai, kwa ajili ya kukaa mbali. Niliporudi nilisimama mlangoni. Kaka alikuwa amekaa kitandani kwa Mama, ametoa karatasi yako mfukoni, ile ya mkono, imekunjwa mpaka mikunjo imechakaa. Akaifungua akaanza kumsomea. Nadhani alitaka Mama asikie kwamba anajua. Sijui alitaka nini, na yeye hajui. Alisoma, "Kuna asubuhi nikimsikia Mama anakohoa," akafika hapo tu.

Mama akanyoosha mkono akaifunika ile karatasi kwa kiganja.

Dada, sauti iliyotoka sijaisikia kwa miaka mingi. Ilikuwa ile ya kazini, ya ofisi, nyororo na haina mchezo. Akamwambia, "Samahani, bwana. Hiyo laini ni ya nani?"

Kaka akasema, "Ni ya binti yako, Mama."

"Umeomba ruhusa kuingia?"

 Mwanaume wa miaka hamsini na mbili, anayepigiwa saluti na madereva wa malori, alikaa pale ameinamisha kichwa kama mtu aliyekutwa chumba cha wenyewe. Mama hakuondoa kiganja. Alikuwa anasubiri jibu, kama alivyokuwa akisubiri zamani, bila haraka, na laini imeshikwa.

Ndipo Kaka akageuka akaniona mlangoni. Macho yamejaa. Akaniuliza, "Mdogo wangu, nina ruhusa?"

Wewe uliyachukua bila kuniuliza. Yeye aliyachukua bila kuniuliza. Shangazi, wale wa mezani, watu elfu ngapi sijui, wote walikuwa na maneno yangu mkononi na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.  Nililia, nikubali tu kwamba nililia, sufuria mkononi. Kisha nikamwambia asome, na asome mpaka mwisho.

Mama akaondoa kiganja, akasema, "Endelea, bwana. Laini yako iko wazi."

Alisoma yote. Alipofika kwenye "laini ni safi sana leo," Mama alitikisa kichwa kukubali, kama mtu anayesikia habari za mwenzake wa kazini.

Jumatatu Kaka ameondoka na gari tupu. Kwanza alikaa siku mbili, na siku ya pili nilimwachia Mama toka asubuhi mpaka alasiri nikaenda kukaa tu sokoni kwa muuza vitambaa, sikununua kitu. Niliporudi nilimkuta ukutani anashona upya kifungo kimoja kilicholegea, na Mama nyuma yake anamsimamia. Amesema atakuja wiki moja kila baada ya miezi miwili ili nipumzike. Tutaona. Ya kaka yangu nayajua, lakini tarehe ameiandika mwenyewe kwenye kalenda yangu ya kazi, kwa wino. Na kule kwenye kundi la ukoo ameandika kwamba alikosea na kwamba yaliyobaki ni ya mwenyewe kuyasema. Hakuyabandika. Shangazi amekasirika kwamba hajapewa mwisho.

Nawe je. Sijakusamehe yote. Nimesamehe sehemu, na sehemu hiyo haikatiki katikati, kwa hiyo usinitangaze kwamba nimesamehe. Ile jioni ulipomkuta Baba yako na viatu, nimeiwaza sana. Nimeshaanza kumshonea viatu vya kitambaa. Cha kushoto kitakuwa na kifungo, cha kulia hakitakuwa nacho, asivichanganye. Haya uliyoniambia yako kwangu tu. Barua zako zote ziko kwenye kopo la vifungo, na simu nimeitoa humo kuzipisha.

Uliniuliza ufanye nini na karatasi ya ukutani. Ile iliyochapwa imebaki kwa Kaka, hakutaka kuirudisha. Basi kaa chini unakili nyingine kwa mkono wako, uibandike palepale juu ya mashine, na mwisho wake usiuache. Umeuliza, nami nimekupa.

Na siku ukisimama tena nje ya mlango na ufunguo mkononi, nipigie. Nitapokea.

Fundi